Kikulacho ki ndani ya digadi

Lile lengelenge lilikuwa dogo kama punje ya mtama, chini kidogo ya taa ya mbele, upande wa abiria. Nilikuwa naosha gari Jumapili asubuhi, kitambaa kikapita pale, nikahisi kama nimegusa chunusi. Nikalibonyeza kwa ukucha. Likapasuka na kutoa tone moja la maji, rangi yake kama chai ya rangi.

Digadi lile, yaani lile bati linalofunika gurudumu, lilikuwa jipya. Sisemi jipya kwa maana ya kunyooshwa likarudi hali yake. Nasema jipya la dukani, limekuja ndani ya boksi, likafungwa na kupigwa rangi miezi 14 kabla ya siku hiyo, kwa pesa ambayo mpaka leo mama watoto hajaambiwa hesabu yake kamili. Nikafanya jambo ambalo simshauri mtu: nikachovya ncha ya kidole kwenye lile tone, nikaigusisha ulimini.

Chumvi.

Nikageuza ndoo ya sabuni, nikaikalia, nikaanza kufikiri. Bahari haiko mbali na kwetu Raskazone, na kila chuma Tanga kina ugomvi wake na upepo wa baharini, hilo najua. Lakini chumvi ya upepo inatua juu ya rangi. Hii ilikuwa chini yake. Nani aliiweka?

Niseme kidogo kuhusu gari lenyewe, maana bila hivyo utaniona mtu wa kuhangaika na vyuma chakavu. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1970. Nyumbani linaitwa Kobe. Baba alilinunua 1979 kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, na ndilo lililokuwa likitupeleka Korogwe kwa bibi, watoto wanne kiti cha nyuma, tumekalia betri bila kujua. Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, kulia, nitairudia baadaye. Wazee wa rika la baba hawakulipenda gari hili kwa sura tu. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia ya mashindano ilikuwa inakatiza nchi zetu za Afrika Mashariki na tope la masika ndilo lililoamua nani afike. La mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 30, 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kuagiza digadi jipya la gari lenye umri wa babu, likaja likiwa na matundu yote mahali pake, au karibu na mahali pake.

Madigadi yangu yalikuja meusi. Weusi ule ndio uliotudanganya wote, mimi na fundi.

Kuna weusi wa namna mbili. Wa kwanza ni rangi ya kweli. Kiwandani kipande kinazamishwa kwenye beseni kubwa la rangi iliyochanganywa na maji, umeme unapitishwa, rangi inavutwa na chuma mpaka kwenye kona ambazo brashi haifiki, halafu kipande kinaokwa kwenye tanuri la nyuzi 160 hadi 180. Kinachobaki ni utando mwembamba, mikroni 20 au karibu na hapo, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Mwembamba, lakini umeshika. Huo unaukwaruza kidogo tu kwa msasa laini na kuendelea na kazi juu yake. Ukiuvua mpaka chuma umejitia hasara.

Weusi wa pili ni rangi ya safari. Imepulizwa haraka haraka ili chuma kisionekane na kutu siku mteja anapofungua boksi. Haikuokwa, haikushika, na mara nyingi haikufika ndani ya mikunjo. Kontena nalo hutokwa jasho: mchana bati lake linawaka, usiku linapoa, mvuke ulio ndani unageuka matone na kudondokea mzigo. Vipande vinafika na vidoa vya kutu chini ya weusi wao, mtu akiviona vinang'aa anasema alhamdulillahi.

Kutofautisha hakuhitaji utaalamu. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe tina ya rangi za magari, kiweke juu ya ule weusi kwa dakika moja hivi, kisha sugua. Kitambaa kikitoka cheupe, una rangi ya kweli. Kikitoka cheusi, uvue wote, ndani na nje, kabla hujafanya lingine. Mimi nililipima digadi langu baada ya lengelenge, kwa ndani, mahali ambapo fundi hakuwa amegusa. Kitambaa kilitoka kama kimefuta masizi ya sufuria.

Hilo lilinieleza kutu ya ndani. Chumvi bado.

Yule fundi wa kwanza ana mkono mzuri, na sisemi kwa kumpaka mafuta. Gereji yake iko Ngamiani, haina uzio, kuna mwarobaini na pipa la maji chini yake. Alifunga madigadi kwenye gari kwanza, akapiga puti palipokuwa na kasoro, akapuliza praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, akapiga msasa wa maji siku mbili nzima, akaacha gari jua lilipige, kisha akapuliza rangi. Siku naenda kulichukua ningeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama kwenye boneti. Hakuna hatua hata moja ambayo fundi wa mtaa wowote asingeifanya hivyo hivyo.

Basi nikarudi pale Jumatatu, nikajifanya napita tu. Tukasalimiana, nikamwambia, "Fundi, naomba maji ninawe mikono." Akanielekeza kwenye pipa. Nilinawa, nikaweka kiganja mdomoni kama mtu anayesukutua. Maji yale yalikuwa na ladha ya machozi.

"Mnachota wapi haya?"

"Kisima cha hapo nyuma, kaka. Ya bomba yanakuja usiku, nani ataamka?"

Kila mtu wa pwani anaijua chumvi inavyofanya jikoni. Ukiiacha kwenye kichupa inavuta maji hewani mpaka inagandana, ndiyo maana bibi zetu huweka punje za mchele ndani. Sasa fikiria punje za chumvi ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona, zimebaki juu ya praima baada ya msasa wa maji kukauka. Unapuliza rangi juu yake. Rangi haifanani na kioo. Mvuke unapenya, polepole lakini unapenya. Ile chumvi iliyofungiwa chini inaendelea na tabia yake ya jikoni. Inavuta maji kupitia kwenye rangi, yanajikusanya, rangi inainuka, unapata lengelenge. Praima ile ya kawaida ya kijivu nayo ni kama kitambaa, inanyonya. Na puti imejaa unga wa talki, hiyo inanyonya zaidi. Maji ya chumvi yakishafika kwenye chuma, kazi imekwisha: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, hata mara sita, kwa hiyo inajisukumia nafasi yenyewe, inaibandua rangi pembeni, inakaribisha maji mengine.

Kwa maneno mengine nilikuwa nimelipa mtu alipake digadi langu jipya maji ya bahari, kwa uangalifu, kwa siku mbili. Na simlaumu. Ningekuwa mimi ningechota pipa lile lile.

Nilimpelekea habari hizi mjomba wangu wa Sahare. Amekuwa baharini tangu kijana na sasa goti halimruhusu, anakaa pwani akisahihisha kazi za watu wanaotengeneza vyombo. Hajawahi kumiliki gari. Aliinama, akapitisha vidole ndani ya digadi, nyuma ya bakuli la taa, akavitoa vimejaa udongo mwekundu wenye unyevu, na ilikuwa wiki ya tatu bila mvua.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "nje umepapamba. Huku ndani umemwachia nani?"

Halafu akanipa darasa kuhusu jahazi, nami nikaandika nyuma ya risiti ya mafuta. Chombo hakiozi pale unapopatazama. Kinaoza kwenye maungio, ubao unapokutana na ubao. Kwa hiyo kwanza ni kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inapigwa kwa patasi mpaka inajaza mshono. Kisha sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka mpaka paka anahama, yanapakwa kwenye mbao ili zinywe zishibe zisipate hamu ya maji. Sehemu inayokaa majini inapakwa deheni, chokaa na shahamu. Kisha baada ya muda chombo kinapandishwa mchangani, kinafanyiwa tena. Hakuna nahodha anayesema nimepaka deheni mwaka juzi, basi.

Nilipofika nyumbani nikaisoma ile risiti nikaona sina haja ya kutafuta mpango mwingine. Kalafati ni silanti ya mishono. Sifa ni nta ya uvunguni. Deheni ni ile rangi nene ya chini ya gari. Mafundi wetu wa rangi wanasomea uso wa gari tu, wakati kazi ya kuzuia kutu babu zao walishaimaliza ufukweni.

Nikayafungua madigadi yote manne. Bolti mbili zilikatika, moja ikabaki ndani ya nati yake iliyoshikizwa kwenye bodi, ikanila siku nzima na toba ya kutosha. Chini ya ule utepe unaokaa kati ya digadi na bodi, kama mshono wa kanzu, hapakuwa na rangi kabisa. Mstari mzima wa chuma kitupu, upana wa kidole, kuzunguka gari. Bila shaka: limepakwa likiwa limefungwa, rangi ingeingiaje pale? Huo utepe wenyewe unashika maji kama utambi.

Safari hii nilifuata utaratibu mwingine, na kwa sehemu kubwa niliufanya mwenyewe kibarazani, maana fundi wa kukuvumilia kwa kazi ya namna hii ni ghali kuliko vifaa.

Nilianza kwa kuyajaribisha madigadi yakiwa hivyo hivyo, yakiwa machafu. Tundu lisilokaa sawa nililichonga siku hiyo, si baada ya rangi, kwa sababu kila ukitoboa au kupiga tupa chuma kilichokwisha kupakwa umefungua mlango mdogo na kuusahau wazi. Yalipokaa vizuri yakafunguliwa tena. Weusi wote ukatoka, kwa tina kwanza, kisha brashi ya waya kwenye kona. Palipokuwa na vishimo vya kutu nilitumia dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo inageuza kutu kuwa tabaka gumu la kijivu. Dawa hii inahitaji nidhamu: isukutuliwe yote kabla ya epoksi, praima isiyonyonya maji, kuja juu yake, vinginevyo asidi iliyobaki inaizuia epoksi kukauka inavyotakiwa na baadaye inabanduka vipande vipande. Kuna dawa nyingine zinazotumia tanini, zinaigeuza kutu kuwa nyeusi. Tanini ndiyo ile iliyomo kwenye magome ya mkoko, yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kulainisha ngozi za viatu vya watu. Sijajaribu kuchemsha magome ya mkoko nikapaka gari. Mjomba anadai itafaa. Nimemwambia aanze na lake.

Kisha maji. Nina simtanki la lita 500 linalopokea maji ya bati wakati wa mvua. Nilisubiri mvua ya kwanza ioshe bati, nikakinga ya pili. Vipande vyote vikaoshwa kwa hayo na sabuni, vikakaushwa kwa upepo wa kompresa na si kwa jua peke yake, kwa sababu maji yanayokauka ndani ya mkunjo hukauka siku yanayotaka yenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyevigusa kwa mikono mitupu. Jasho nalo ni chumvi. Kijana wangu wa darasa la tano aliweka kiganja kizima juu ya digadi la nyuma kuona kama ni laini, nikamwacha kwa makusudi; kesho yake asubuhi kiganja kile kilikuwa kimejichora pale kwa rangi ya machungwa, vidole vitano, mpaka mistari ilionekana. Usiku mmoja tu. Tangu siku hiyo ndiye askari wangu, hata paka hapiti.

Kabla ya rangi unafuta kwa tina ukiwa na vitambaa viwili, kimoja kibichi kinachoinua mafuta na kingine kikavu kinachoyafuata nyuma kabla hayajakauka. Ukitumia kimoja unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale.

Halafu praima ya epoksi, ile ya kopo mbili. Ndani kwanza. Hili nalirudia kwa sababu mikono yenyewe inataka kuanza nje: ndani kwanza, nyuma ya bakuli la taa, kwenye ukingo uliokunjwa, kwenye matundu ya bolti, kote ambako hakuna atakayekusifia. Ukianza nje, ukifika ndani kopo limebaki robo na jua limezama. Tofauti ya epoksi na ile praima ya kijivu ni kwamba epoksi hainyonyi maji kama kitambaa. Puti ikihitajika inakaa juu ya epoksi, si chini yake, na silanti ya mishono pia. Nilijaza kila mahali ambapo karatasi mbili za chuma zimebanana: kuzunguka bakuli la taa, kwenye vipande vya kuimarisha. Nililainisha kwa kidole nikiwaza pamba na patasi. Juu ya silanti, upande wa gurudumu, ikaja ile rangi nene ya raba inayostahimili kokoto. Barabara zetu zinarusha mawe; bila hiyo hata epoksi inatobolewa.

Watu wengi hupaka lami nyeusi pale, nami sina ugomvi na lami ikiwa changa. Tatizo lake ni uzee. Inakauka, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, na kwa nje unaona weusi mzuri unaotuliza moyo. Nimewahi kubandua lami kwenye sakafu ya gari la jirani, ikatoka na sakafu.

Sakafu. Ya Kobe ilikuwa imeliwa pale pale chini ya betri, upande wa kulia, kama zinavyoliwa karibu zote. Asidi ya betri na mvuke wake kwa zaidi ya miaka 40, unategemea nini? Tulikata, tukachomelea kipande kipya kilichopakwa zinki. Zinki ni kinga ya aina yake, kwa sababu haizuii tu kama rangi, inajitoa mhanga: ikikwaruzwa, inaoza yenyewe kwanza ili chuma kipone. Porsche walianza kutengeneza bodi za 911 kwa bati lililozamishwa kwenye zinki kwa magari ya modeli ya 1976, ndiyo maana yale ya baada ya hapo yanahimili kuliko ndugu zake. Lakini zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka 907, na moto wa kuchomelea unazidi 1,500. Maana yake pale unapochomelea, pale pale unapohitaji kinga zaidi, zinki imeshakuwa moshi mweupe. Kuna praima yenye unga wa zinki inayopakwa kwenye nyuso zitakazobanana kabla ya kuchomelea. Inasaidia kiasi, nayo inaungua kando ya mshono, kwa hiyo baada ya kazi lazima urudi kusafisha na kupaka epoksi na silanti, juu na chini.

Moshi ule mweupe una homa yake. Fundi aliyechomelea aliomba pakiti mbili za maziwa kabla ya kuwasha mashine, ndiyo desturi, nami nilimnunulia maana maziwa hayadhuru. Ila maziwa yanapita kooni na moshi unaingia mapafuni. Nilichokifanya cha maana ni kusukuma gari nje, kumwekea feni mgongoni na kusaga zinki pembeni mwa mshono kwanza. Alilala salama. Alisema ni maziwa.

Juu ya betri nilirudisha kile kifuniko ambacho wengi hukitupa. Springi za kiti ni chuma, vichwa vya betri ni chuma, na Beetle kadhaa zimewaka moto kwa abiria mnene kukaa kwa kishindo. Ninapokumbuka sisi wanne tulivyokuwa tunarukaruka pale njia nzima ya Muheza, najua tuliombewa.

Rangi yenyewe sina la kusema. Ni ile ile ya bluu, ilipulizwa na mtu anayejua, kwa maji yangu. Madigadi yakarudi yakiwa yamepakwa pande zote, utepe mpya, bolti za zinki zikiwa na grisi. Ndipo ikaja sifa.

Kwetu sifa ya gari ni oili chafu. Unapeleka gari bombani, wanaliinua, wanapuliza oili iliyotolewa kwenye injini nyingine ikichanganywa na dizeli, chini kote. Haikosi kufanya kazi kabisa, mafuta ni mafuta. Lakini oili ile imebeba asidi za injini, inalainisha raba za gari, vumbi linaganda juu yake kama mkate, inadondoka kibarazani na kuingia kwenye kisima hicho hicho tunacholalamikia, na mvuke wake si wa kuvuta. Mimi nilitumia nta maalumu ya uvunguni, inayokuja na mrija mwembamba wenye kichwa kinachopuliza pande zote. Na ilipoisha nikamalizia na lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo haikauki ikapasuka bali inabaki laini na kutambaa polepole kuingia kwenye mishono. Inanuka zizi kwa wiki mbili. Mjomba alinusa akasema afadhali hii kuliko papa.

Nta iliingia kwenye milango, kwenye yale mabomba marefu ya pembeni yanayopitisha joto kwenda mbele ya gari (joto! Tanga!), nyuma ya mataa, chini ya utepe. Baada ya kupuliza nilipita na kijiti cha kiberiti kuzibua kila tundu la kutolea maji chini ya milango. Hili nalo nililiona kwenye kazi za watu: mtu amepaka nta vizuri, ameziba matundu, mlango umekuwa birika.

Yale madigadi ya zamani, yaliyotolewa mapya yalipofungwa, hayakwenda kwa wanunua skrepa. Nilikata vipande vinne vya ukubwa wa daftari, nikavisafisha mpaka chuma kikang'aa. Cha kwanza praima ya kijivu na rangi, msasa kwa maji ya kisima nilichokwenda kuchota Ngamiani kwa kidumu. Cha pili vivyo hivyo, ila maji ya mvua. Cha tatu epoksi, rangi, maji ya mvua. Cha nne epoksi, rangi, na lanolini kwa nyuma. Kila kimoja nilikikwaruza alama ya msalaba kwa msumari mpaka chuma, kwa sababu gari linakwaruzwa. Nikavining'iniza kwa kamba ya katani kwenye uzio unaotazama bahari, nikasahau kwa kadiri ninavyoweza kusahau kitu ambacho nakipitia kila asubuhi.

Masika yalipokwisha nilimkaribisha yule fundi wa Ngamiani kunywa kahawa. Sikumwambia kwa nini. Aliviona kabla hajakaa. Cha kwanza kilikuwa kimejaa malengelenge, na msalaba wake ulikuwa umevimba kutu upana wa kidole. Cha pili malengelenge matatu na kutu kwenye msalaba. Cha tatu kutu ilibaki ndani ya mkwaruzo, haikutambaa. Cha nne kilikuwa hivyo hivyo mbele. Alikigeuza nyuma, akapitisha kidole, akanusa, akafuta kwenye suruali.

"Hiki cha kwanza umekifanyaje?"

"Kama ulivyofanya wewe, fundi. Hata maji ni yako."

Hakujibu. Alikitazama kile kipande upande huu na ule, akakirudisha kwenye kamba yake taratibu. Kidumu cha kisima kilikuwa bado pale chini ya ngazi. Akakifungua, akamimina kidogo kiganjani, akaonja, akatema kwenye maua ya mama watoto.

"Mwaka huu kimezidi," akasema. Kisha akageuka kulitazama simtanki langu, kutoka chini mpaka mfuniko. "Hili ulinunua bei gani?"